Hatua Moja Nyuma ya Majani

Hapa Musinzira, katika mji wa Gitega, watu wananijua kwa mambo mawili: cherehani na uzio. Cherehani ndiyo inayonilisha. Uzio ni wa majani matupu, bugenvilia na marakuja vilivyosukana hivi kwamba anayepita njiani husikia redio yangu bila kuniona, na sikununua hata mche mmoja. Yote niliyaotesha kwa vipande vya matawi. Jirani akija kuomba simnyimi. Namkatia vipande vya urefu wa shibiri, namwonyesha upande wa juu na wa chini, namwambia aviweke kivulini na asivichokoe kila asubuhi kutazama kama vimetoa mizizi. Kisha natoa sharti langu, na hapo ndipo wanapocheka. Miti ya kuegemeza, nawaambia, iwe mikavu. Iwe ya mkaratusi uliokauka msimu mzima, iliyokufa kabisa, na ukiwa na shaka uiunguze ncha kwenye moto kabla hujaichomeka ardhini. Mke wa mwalimu aliwahi kuniuliza kama huo ni mwiko wa huko Tanzania nilikokulia. Nilimwambia ni mwiko wangu mwenyewe, nikarudi kwenye pindo la sketi yake.

Miezi michache iliyopita simu iliita nikiwa napiga pasi. Alikuwa Dafroza, binti wa Mama Leokadiya wa Giteranyi, huko Muyinga. Sauti yake sikuwa nimeisikia kwa miaka zaidi ya ishirini, lakini alipotaja jina la mama yake nilishtuka kama mtu aliyeitwa na askari. "Mama ametutoka," alisema. "Tunamaliza kilio Jumamosi ya wiki ijayo. Alisema we Konsolata uitwe." Nilisimama na pasi mkononi mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Nimepita arobaini, nimezaa, nimezika, nimeishi miaka ambayo mtu akitoka asubuhi hakujua kama atarudi jioni, na bado jina la yule mama lilinikausha mate kama nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Niliogopa, sina neno jingine la kuliweka hapo. Niliogopa kwenda, na niliogopa zaidi kutokwenda, kwa sababu mtu aliyekuita akiwa hai unaweza kumjibu kesho, lakini aliyekuita akiwa amekufa hana kesho ya kukupa.

Habari za wazazi wangu na za kambini zina mahali pake. Hapa nataka mwaka mmoja tu, mwaka tuliorudi wawili, mimi na Shangazi Verediana, tukakuta shamba la babu lina watu. Mama Leokadiya na mumewe hawakumnyang'anya mtu kwa mkono wao. Miaka mingi nyuma walikuta pale patupu, wakaambiwa limeni, wakalima, wakazaa, mume akafa akazikwa huko kwao alikotoka. Watu wa ofisi ya ardhi walipokuja waliamua tugawane. Wakafunga kamba kutoka juu mpaka chini, wakapanga mawe chini ya kamba, wakakunja kamba yao wakaondoka. Siku ile shangazi hakugombania chochote. Nyumba ya matofali ilibaki upande wa Leokadiya, kahawa ikabaki upande wake, sisi tukapata kipande cha chini na muvumu mmoja mzee, mti ule ambao zamani watu walikuwa wakiponda magome yake kuwa nguo. Kitu kimoja tu shangazi aliomba. Kulikuwa na mawe matatu kwenye kichaka cha migomba, mahali alipozikwa mama yake, yaani bibi yangu, muda mfupi kabla ya watu kukimbia. "Nyumba chukueni, kahawa chukueni," alisema, "mniachie mama." Wakamwachia. Kamba ilipita hatua moja ng'ambo ya mawe yale, na kwa hatua ile moja shangazi aliwashukuru hadi wakaona haya.

Tulijenga chumba kimoja cha udongo. Kitanda cha miti upande huu, magunia upande ule, na jiko nje chini ya bati moja. Mlango wetu ulitazamana na mlango wa Mama Leokadiya, hatua ishirini hivi, bila hata kijiti katikati. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye kawaida ya kukaa kizingitini akichambua maharage kwenye ungo, na akichambua mikono ilifanya kazi yake na macho yalifanya yao. Nikipakua ugali, ananiona. Nikitoka kuoga nyuma ya kitenge nilichokitundika, ananiona. Usiku wetu wa kwanza pale shangazi aliniambia kwa kunong'ona kwamba watu wa mlima ule walishawahi kuuana kwa sumu kwa ajili ya ardhi ndogo kuliko hiyo yetu, na tangu siku ile tukawa tunakula ndani, mlango umefungwa, moshi umejaa, machozi yanatutoka juu ya lenga-lenga, mchicha wa kwetu. "Chakula kinachotazamwa hakishuki," alisema. Leo nikikumbuka naona jinsi tulivyokuwa wajinga, watu wawili wanaojifungia na moshi mchana kweupe kwa kuogopa mwanamke mwenye ungo. Lakini wakati ule sikucheka. Nilikuwa nikihesabu mara anazoinua macho.

Jumapili moja baada ya misa alivuka uwanja akiwa amebeba kibuyu cha urwarwa, pombe ya ndizi. Hakufika mlangoni. Alisimama kwenye mstari wa mawe, akapiga magoti, akanywa funda moja tukiwa tunamtazama, akafuta mdomo kwa kiganja, kisha akatunyooshea kibuyu. Hiyo ni desturi yetu Warundi wote, hata waliokulia nje wanaijua: anayetoa huonja kwanza, ili anayepewa ajue kwamba hakuna kitu ndani ila pombe. Shangazi alipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, akasema tutakunywa pamoja na chakula. Mama Leokadiya akarudi kwake. Shangazi alingoja dakika chache, akazunguka nyuma ya chumba, akachimba kwa kisu, akamwaga yote akafukia. Alikuwa na hakika kwamba nyuma ya chumba hatuonekani. Mimi niliyebaki mbele ndiye niliyemwona Mama Leokadiya amesimama kando ya ghala lake, juu kidogo, mahali ambapo nyuma yetu panaonekana kama sinia. Alishika kiuno, akatazama mpaka udongo wa mwisho ulipokanyagwa, akaingia ndani. Nilimrudishia kibuyu jioni, naye akakipokea bila kuniangalia.

Tangu siku ile hofu yetu ilipata sababu, maana mwanzoni tulimwogopa bure, na sasa tulikuwa tumemkosea. Shangazi akaanza kuamka kabla ya jua kutazama kama kuna kitu kimemwagwa mlangoni. Mimi nikaanza kuota uzio. Matofali hatukuwa nayo, matete yalikuwa ya kununua, na miti ya mikaratusi yote ile ya kilimani ilikuwa na wenyewe. Nilikuwa nakwenda Muyinga mjini kila wiki kujifunza kushona kwa Bi Zaituni, Mwislamu wa pale pale mjini, mjane mnene mwenye mdomo mtamu, nalala kwake Jumatatu hadi Alhamisi. Chumba chake cha kushonea kilinuka mafuta ya mashine na chai ya tangawizi, na wateja walikaa kwenye mkeka wakizungumza kana kwamba mimi ni pasi. Ndipo niliposikia mengi kuliko nilivyotaka. Siku moja mwanamke aliyekuja kupima gauni la harusi alisimulia juu ya marapatriye wa upande wa ziwani, yaani watu waliorudi kama sisi, waliopewa nusu ya shamba wakakutwa asubuhi wamelala na hawaamki. Sindano ilinichoma kidole nikatia damu kwenye kola ya mtu. Walipoondoka Bi Zaituni alikaa mbele yangu, akaniwekea sahani ya maharage ya mawese na ndagala, wale dagaa wa ziwani, akaniambia, "Kula. We Konso, iko nini? Unaogopa mpaka kivuli yako?"

Nikamweleza yote, hadi kibuyu. Alinisikiliza akitafuna, kisha akacheka hadi kanga ikamdondoka begani. "Mi sijui sumu ya mulima yenu," alisema, "lakini macho ya jirani najua dawa yake. Kuya uone." Akanipeleka nyuma. Uwanja wake wote ulikuwa umefichwa na bugenvilia nyekundu, marakuja, na mtambaa mmoja wa maua ya buluu ambao yeye aliuita tu "ile ya buluu." Kulikuwa na wanawake wawili majirani wanaozungumza upande wa pili, tuliwasikia hadi pumzi, hatukuwaona hata vidole. "Unaona? Sikununua kitu. Nilivunja tawi kwa misheni, ingine kwa balozi wa nyumba kumi, ingine nikaiba, Mungu anisamehe. Mutu hana matofali, anaotesha." Akaninyooshea kisu. Alinifundisha kuchagua tawi lisilo changa wala zee, nene kama penseli, kukata chini ya kifundo kwa mshazari na juu kwa kunyooka ili nisikosee kichwa na miguu, kupukuta majani yote ila mawili, kuchomeka kwenye makopo ya maziwa yaliyotobolewa, mchanga nusu na udongo nusu, na kuyafunika na jani la mgomba. Marakuja vifundo vitatu vinatosha. "Na hapana vuta," alinikaripia kila Alhamisi nilipoanza kuvuta. "Mutoto ya watu hapana mufunua kila saa kuona kama anapumua!" Kwa wiki sita makopo yale arobaini ndiyo kitu pekee nilichokitazama bila woga.

Mvua kubwa zilipokaza, shangazi alivuka mpaka wa Tanzania kwenda Ngara kuvuna mihogo tuliyoiacha na kutafuta mabati, akasema atakaa miezi miwili. Nikabaki peke yangu kwenye chumba kile. Siku tatu za mwanzo sikupika, nilikula mihogo mibichi. Siku ya nne nilikwenda mjini, nikaviringisha miche kwenye vipande vya vitambaa vilivyolowa, nikaifunga nyuma ya baiskeli ya kukodi, na mwenye baiskeli akaniuliza kama nimebeba mtoto jinsi nilivyomsihi aende polepole. Nilitaka kumshangaza shangazi. Nilitaka arudi akute tunaweza kula nje.

Sasa nieleze nilichokifanya, maana kila kitu kiko hapo. Mawe ya mpaka yalikuwa yamefunikwa na majani, lakini niliyajua. Niliogopa kupanda karibu nayo. Niliogopa mtambaa ungevuka, jani langu moja lingegusa upande wa Mama Leokadiya, na yeye angepata neno. Kwa hiyo nilirudi nyuma hatua moja kubwa ndani ya kwetu, na hapo ndipo nilipochimba mashimo, toka juu hadi chini. Kaburi la bibi lilibaki kati ya mashimo yangu na mawe ya mpaka. Niliona ni vizuri, maua yangemwangukia. Na kwa kuwa mtambaa hausimami wenyewe, nilihitaji miti ya kuegemeza, na mti uliokuwa wetu ulikuwa mmoja, ule muvumu mzee. Nikaukwea na panga, nikakata matawi yaliyonyooka, ishirini na kitu, nikayachomeka yote mstari mmoja, yakiwa mabichi bado yanatoa utomvu mweupe. Kambini nilikokulia kijiti ni kijiti. Kule nyumba ilikuwa na namba mlangoni, mpaka uliandikwa kwenye karatasi ya ofisi, na hakuna aliyepanda mti akitarajia kukaa chini yake.

Mama Leokadiya alinitazama asubuhi nzima toka kizingitini. Mchana alishuka, akasimama ng'ambo ya mawe. Kirundi changu kilikuwa cha kubabaika, kwa hiyo aliniongelesha kwa Kiswahili cha soko, alichokiokota kwa wanunuzi wa maharage. "We mutoto. Ile miti, we ndo umepanda?"

"Ndiyo, mama."

"Hapa? Unapenda iwe hapa?"

Nilifikiri anataka nisogee nyuma zaidi. Moyo ulinienda mbio nikasema haraka, "Hapa, mama. Haitakusumbua."

"Na shangazi yako anajua?"

"Atajua akirudi."

Alitazama vijiti, akatazama migomba yenye mawe matatu, akanitazama mimi kwa muda mrefu sana. Akafungua mdomo kama atakayesema kitu, akaufunga, akapanda kwake. Miaka yote hii nimekuwa nikiuona mdomo ule ukifungwa.

Muvumu haufi. Kila mtoto aliyezaliwa kwenye milima ile anajua, ukikata tawi ukalichomeka ardhini wakati wa mvua, linaota. Ndiyo maana wazee waliutumia kuanzisha rugo, yaani boma la nyumba: anayepanda muvumu anasema, kwangu kunaishia hapa. Watu wakikimbia nyumba inaanguka, udongo unarudi udongoni, lakini mivumu inabaki imesimama na kuonyesha aliyekuwepo aliishi wapi. Mimi sikujua. Mwezi ulipokwisha vijiti vyangu vyote vilikuwa na majani, na nilifurahi, Mungu wangu, nilifurahi kwamba miti yangu ya kuegemeza ni mizuri kuliko nilivyotegemea. Wazee wa mlima, bashingantahe, walipita siku moja wakienda kuamua neno la wengine. Wakasimama. Mmoja akaniuliza nani kapanda, nikasema mimi. Kwa mkono wako? Kwa mkono wangu. Hakuna aliyenilazimisha? Hakuna, baba. Wakatazamana, wakaitikia kwa vichwa taratibu, wakaondoka. Nilidhani wamenisifu, na siku ile nilipika nje kwa mara ya kwanza.

Shangazi alirudi na mabati mawili kichwani. Aliyatua, akaona uzio, akasogea, akashika jani moja kati ya vidole. Nilikuwa nimesimama nikingoja aniambie hongera. Hakupiga kelele. Aliketi chini kwenye matope na nguo yake ya safari, akauliza, "Konso, nani alikwambia upande muvumu?" Nikamwambia ni miti tu ya kuegemeza. "Na mama yangu yuko upande gani?" aliuliza. Nikatazama, na hapo hapo nikaona: mawe matatu ya bibi yalikuwa nje ya mivumu, upande wa Mama Leokadiya.

Tulikwenda kwa wazee kesho yake. Walikuwa wapole, na upole wao ulikuwa mbaya kuliko matusi. Walisema mawe huwekwa na ofisi, na mvua huyasogeza, lakini muvumu umepandwa na mtoto wa rugo mwenyewe, kwa hiari yake, mbele ya jirani, na muvumu uliokwisha kushika haung'olewi, anayeung'oa anang'oa nyumba yake. Shangazi alisema mtoto hakujua. Mzee mmoja akajibu kwamba ardhi haiulizi umekulia wapi. Kisha wakamgeukia Mama Leokadiya, aliyekaa peke yake kwenye kigogo, wakamuuliza analo neno. Kama angesema neno moja yote yangekwisha, kwa sababu mwenye kupewa akikataa hakuna wa kumlazimisha. Shangazi alimtazama. Ndiyo mara pekee niliyomwona akimtazama usoni. "Mi sikupanda kitu," alisema Mama Leokadiya kwa Kirundi, polepole. "Na mimi sing'oi." Akanyanyuka, akakung'uta nguo, akaenda zake.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule ndiyo iliyonifanya niwe mtu niliye, mtu anayegonga mara mbili na kuuliza mara tatu. Mtambaa ulipanda kama uliolipwa. Bugenvilia ikashika mivumu, marakuja ikaziba mapengo, ile ya buluu ikafunika yote, na kufikia kiangazi hukuweza kuona mkono wako ukiupitisha upande wa pili. Tulikula nje. Shangazi alikaa kwenye kigoda na sahani magotini, mwanga umemjaa usoni, na akasema mara moja tu, bila hasira, "Ulitaka tusionekane. Sasa hatuonekani." Kisha, kila baada ya siku chache, asubuhi, tukaanza kusikia jembe. Lilikuwa karibu sana, nyuma tu ya majani, krap, krap, krap, mahali pa migomba. Shangazi aliweka kijiko chini. Alijua, na mimi nilijua, kwamba yule mwanamke analima hatua yake mpya, maana katika nchi ambayo watu hupanda maharage hadi ukingo wa barabara, nani ataacha hatua nzima ya ardhi kutoka juu hadi chini? Kila krap nilisikia mfupa. Shangazi hakuwahi kufunua majani kutazama. Nilimsihi siku moja nitazame mimi, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo. "Usione," alisema. "Ukiona itakuwa kweli." Hatukupita tena njia ya juu, ile ya kwa Mama Leokadiya, tukabadilisha hata kanisa. Mwaka ulipotimia nilikimbilia Gitega kwa fundi aliyetafuta msaidizi, na nikasema uongo kwamba ni kwa ajili ya kazi.

Nilirudi mara moja tu, kumzika shangazi. Alikuwa ameomba azikwe karibu na mama yake kadiri inavyowezekana, kwa hiyo tulimchimbia upande wetu, kaburi limegusa uzio kabisa, wachimbaji wakilalamikia mizizi. Mama Leokadiya alikuja, amezeeka, akasimama nyuma ya watu wote. Nilihisi macho yake mgongoni kama zamani. Nilikuwa karibu na majani yale kiasi cha kuyapumulia, sikuyafunua. Niliondoka siku ile ile nikamwachia shamba mkulima mmoja wa jirani.

Basi Jumamosi ile ya kumaliza kilio nilifika Giteranyi baada ya siku mbili njiani kwa shida ya mafuta. Nilishika njia ya juu na, kwa mara ya kwanza maishani, nikaingia kwa Mama Leokadiya kwa mlango wake. Uwanja ulijaa watu na viti vya kukodi. Dafroza alinitambua kabla sijajitaja, akanishika mkono, hakunikalisha. "Kuya kwanza," alisema. "Alisema uone mbele ya kukula." Akanishusha kati ya mistari ya kahawa na maharage, na maharage yalikuwa yamepandwa kwa kubanana kama kawaida ya kwetu, hakuna nafasi ya kuweka mguu, tukawa tunaruka. Kisha maharage yakaisha ghafla. Yaliishia kwenye mstari wa mawe, mawe yale yale ya ofisi, yaliyosafishwa majani. Ng'ambo ya mawe, hadi chini ya uzio wangu, palikuwa na hatua moja ya ardhi tupu, kutoka juu mpaka chini, imepaliwa hadi udongo unang'aa, na haina kitu ndani yake isipokuwa kichaka cha migomba na mawe matatu. Mtambaa wa buluu ulikuwa umemwaga maua juu yake. Niliinama nikafunua majani, na mkono wangu ukagusa msalaba wa shangazi.

"Hakulima hapa?" niliuliza.

"Hata kunde moja. Alikuwa anaparura majani tu, na jembe, sababu nyoka. Sisi batoto tulipigwa juu ya hii. Mutu akitupa hata mbegu, anapigwa. Alisema, ile mutoto alipanda sababu anaogopa, na mwenye kupanda kwa kuogopa hajapanda."

"Kwa nini hakutuambia? Shangazi alikufa anasikia lile jembe. Dafroza, alikufa analisikia."

Alitazama chini akachora kitu kwa kidole cha mguu. "Mi nilimuuliza. Mara nyingi. Alisema, nilibapelekea kibuyu nikionja mbele yao, bakamwaga. Ya pili sipeleki. Bakuje bao." Akainua macho. "Alingoja, dada. Asubuhi anakuja hapa, anaparura, anasikia sahani zenu. Kila siku alingoja mutu afungue majani."

Nililia pale kwa namna ambayo mtu mzima hulia mara chache, kwa sauti, nimeshika mti wa muvumu ambao sasa ni mnene kuliko kiuno changu. Nilimlilia shangazi, na nilimlilia yule mwanamke aliyezeeka akingoja, na hasira ilikuwemo, kwa sababu neno moja lake pale kwa wazee lingetosha, na kufunua kwetu majani mara moja kungetosha. Nani alianza, nani alikuwa na haki, sijui, na wote wawili hawapo wa kuulizwa. Dafroza aliniacha nimalize. Kisha tukapanda.

Walinipa kiti cha mbele. Dafroza alileta urwarwa kwenye kibuyu, kile kile au ndugu yake, akapiga magoti mbele yangu na kukiinua mdomoni mwake aonje kama inavyotakiwa. Hofu ile ya nilipokuwa na miaka kumi na tisa ilikuwepo bado, imekaa mahali pake pa siku zote chini ya mbavu. Nikanyoosha mkono, nikakichukua kibuyu kabla hakijafika midomoni mwake, nikanywa.